Faulo ya Mgeni

Clarisse alinipigia simu asubuhi, mikono yangu imelowa maji ya viazi, akaniambia kwamba Jumamosi wanaondoa matanga ya baba yake na kwamba mama yake ameomba nisimame niseme neno. "Mama anasema mwanafunzi wa Papa ni weye," alisema. "Bale wengine walikuwa wachezaji tu." Nikamjibu nitakuja. Nilipokata simu nilibaki kwenye kigoda na kisu mkononi, goti langu la kulia likaanza kuuma kama linavyouma kila mvua inapojikusanya upande wa volkano, na nikajua sina neno jema hata moja juu ya Mwalimu Anastase ambalo halina baya lake nyuma. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nimekuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika kanuni zote nilizosoma sijaona mahali palipoandikwa kwamba faulo inafutwa kwa sababu aliyeifanya amefariki.

Sitaeleza habari za wazazi wangu wala njia iliyotuleta hapa. Inatosha kusema kwamba tulirudi kutoka Tanzania, nikaingia Gisenyi, mji wa Rwanda uliopakana na Goma ya Congo, na Kiswahili kilichowafanya wasichana wa timu washike mbavu. "Zaina, sema tena! Unasema kama redio!" Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mfupi, mwepesi, na uwanjani nilikuwa mtu. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji, hatua chache kutoka ziwani, na vikapu vyake viwili havikuwa na nyavu. Jumamosi moja timu ya wasichana wa Goma ilivuka Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka, na vikaratasi vyao vya siku moja, ikacheza kwetu, ikarudi kabla mpaka haujafungwa jioni. Jumamosi iliyofuata tulivuka sisi. Walituita dada na sisi tuliwaita dada, na baada ya mchezo tulikula pamoja sahani moja ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kukaanga. Nasema haya ili ijulikane kwamba hapakuwa na vita. Ndiyo maana lililonipata lilinikuta sijajiandaa.

Mchezaji wao mkubwa aliitwa Furaha. Alikuwa mrefu, mpana wa mabega, na alicheka kwa sauti ya kiume. Siku ile, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimeinama nakunywa maji bombani, nikamsikia upande wa pili wa ukuta akiwaambia wenzake, "Kale kafupi muniachie miye." Nilitabasamu, kwa sababu nilikuwa nimewafunga sana na nilidhani hiyo ni sifa. Robo ya tatu nilipora mpira katikati, nikakimbia peke yangu kuelekea kikapuni, nikaruka. Furaha hakuufuata mpira. Alinifuata mimi, kwa nyuma, akanipiga kwa bega mgongoni nikiwa hewani, na nilipoanguka goti lilitua kwanza kwenye saruji. Nilisikia sauti ambayo nisingependa kuieleza. Kisha nikasikia filimbi, nikafungua macho, nikamwona Mwalimu Anastase, mwamuzi wa siku ile, amesimama juu yangu na mkono mmoja umeinuliwa, ngumi moja. Ngumi moja.

Asiyejua mchezo huu aniruhusu nimweleze hapa, kwa sababu maisha yangu yamekaa ndani ya ishara hizo. Faulo ya mchezaji ina madaraja. Iko ya kawaida, ambayo mtu hugusana na mwenzake katika kugombea mpira. Mwamuzi huinua ngumi moja, na mezani huandikwa P. Iko isiyo ya kiungwana, pale mchezaji anapomwendea mwenzake badala ya mpira, au anapotumia nguvu kupita kiasi hata kama mpira upo. Mwamuzi hujishika kifundo cha mkono juu ya kichwa, na huandikwa U. Na iko ya kufukuzwa, iliyo ya kinyama, ambayo hakuna kisingizio cha mchezo ndani yake. Ngumi mbili juu, herufi D, mchezaji anatoka uwanjani, na mwamuzi mkuu anaandika ripoti. Nilichofanyiwa mimi kilikuwa D mbele ya macho ya watu wote, hata ya kina mama waliokuwa wakipita na ndizi kichwani. Mwalimu Anastase alikipa P. Kisha akainama, akaniuliza kwa upole, "Unaweza kutupa?" kwa maana nilikuwa na mitupo miwili ya adhabu. Sikuweza hata kukaa. Na kanuni inasema aliyeumia akitoka, anayeingia badala yake ndiye anayetupa. Aliyeingia alikuwa Clarisse, binti wa Mwalimu, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa akikaa benchi akinisubiri. Mji ulikuwa mdogo, hakuna aliyeuliza kwa nini baba anachezesha mechi ya mwanawe. Nilibebwa huku nikitazama mitupo yangu ikitupwa na mtu mwingine. Mmoja uliingia, mmoja ulikosa, na huo uliokosa uliniuma zaidi ya goti.

Miezi mitatu nililala na kuamka katika chumba kimoja nyuma ya soko, mguu juu ya gunia la maharage, dirisha likinionyesha ukuta wa jirani na kipande cha anga. Mara mbili kwa juma nilipakiwa kwenye moto, pikipiki ya abiria, hadi Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji moto, ambako mzee mmoja wa kazi hiyo alinikanda goti ndani ya maji mpaka nikauma kanga. "Itapona," alisema kila mara, "lakini kuruka, reka, acha kabisa." Wasichana wa timu walikuja kunitazama wakaniletea viazi vya Bugeshi na habari. Clarisse anacheza vizuri, walisema. Furaha alinitumia salamu, walisema, anasema pole, ni mchezo. Waliponiletea salamu hizo niliwaomba watoke. Nimemchukia Furaha kwa moyo safi kabisa, na leo anauza vitenge karibu na barrière, ananiamkia kila nikipita, na mimi sijanunua kwake hata kipande cha kufungia mtoto. Lakini hata yeye nilimchukia kwa daraja la pili. Mchezaji aliyenipiga alikuwa mchezaji tu. Aliyekuwa na filimbi ndiye aliyeona, akaamua kwamba nilichofanyiwa ni cha kawaida. Nililala pale nikirudia ngumi ile moja mpaka ikawa jambo pekee nililolitaka duniani: siku moja nisimame uwanjani nami nina filimbi, Furaha afanye alichonifanyia, na Mwalimu Anastase awe pembeni yangu nikiinua ngumi mbili.

Nilipoweza kutembea na fimbo, nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa akikaa juu kidogo ya barabara ya ziwani, nyumba ya vyumba vitatu yenye kiambaza cha rangi ya samli, na sebuleni viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vyeupe alivyofuma Mama Clarisse. Katika kabati la vioo, kati ya vikombe vya harusi, kilikaa kitabu cha kanuni, cha Kifaransa, ndani ya mfuko wa plastiki. Mji mzima ulikuwa na kitabu hicho kimoja. Nikamwambia, "Mwalimu, siwezi tena kucheza. Nifundishe kuamua." Alinitazama usoni, akatazama goti, akatazama tena usoni. Mtu mwerevu angeuliza kwa nini. Yeye alisema tu, "Bon. Siku ya Yenga, saa sita. Kula kwanza, kisha tutasoma," na nilikuwa nimeshazoea kwamba kwa watu waliotoka Congo Jumapili huitwa siku ya Yenga. Mama Clarisse akaleta ubugari, yaani ugali, wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, akanikalisha kwenye kiti chenye mto. Nilikula chakula cha adui yangu nikanawa mikono, na kilikuwa kitamu, siwezi kudanganya.

Basi mwaka ule kila Jumapili nilikaa katika sebule ile. Mwalimu alifundisha kwa viazi. Alichukua kiazi kikubwa akakiita Furaha, bila aibu, mbele yangu, na kidogo akakiita mimi, na kipande cha limau kikawa mpira. "Kikubwa kinakuja hapa. Limau iko wapi? Mukono iko wapi? Donc, hii ni nini?" Nikijibu haraka alikasirika. "We unataka kufukuza mutu kabla hujaona limau. Kwanza limau! Daima uliza mupira iko wapi." Nikamwambia siku moja kwamba wako wachezaji wanaopanga kuumiza, wanaosema kabisa kabla ya kucheza. Alitoa miwani. "Zaina, mwamuzi hana macho ya kuona moyo. Moyo ni ya Mungu. We hukumu mwili. Mwili imefanya nini, basi." Akanifundisha pia kwamba mwamuzi mmoja hawezi kuitengua faulo ya mwenzake, aliyetangulia kupiga filimbi ndiye mwenye nayo. Mwamuzi mkuu anaweza tu kumsogelea mwenzake na kumwuliza swali moja: umeona nini? Akijibiwa, neno limekwisha. Nilijifunza yote hayo kwa bidii ya mwizi anayejifunza kufuli. Clarisse alipita sebuleni na ndoo, na viatu vya mpira begani, akaniamkia, nami nikamwamkia. Wakati mwingine alikaa akajibu maswali badala yangu, akakosea makusudi ili nicheke. Alikuwa msichana wa kupendwa. Sikutaka kumpenda.

Ilikuwa katikati ya mwaka, siku ya Yenga moja, mwamuzi wa Goma aliyeitwa Papa Kambale alipokuja kula mchana. Wanaume walikaa sebuleni, mimi nikamsaidia Mama Clarisse jikoni nje, chini ya dirisha. Nilikuwa nageuza sambaza kwenye mafuta, nikasikia Papa Kambale akicheka na kusema, "Juma lililopita nilimushushia wenu moja. Ilikuwa U ya wazi kabisa, mi nikatia P. Donc, uko na moja yangu." Mwalimu akajibu, "Reka, hatuhesabie. Faulo ya mgeni ni faulo ya mgeni." Nikasimamisha kijiko. Kumbe palikuwa na desturi. Waamuzi wa miji hii miwili walikuwa wamekubaliana, bila karatasi, kwamba mchezaji aliyevuka mpaka hafukuzwi: faulo yake inashushwa daraja, U inakuwa P, D inakuwa U. Mgeni akifukuzwa uwanjani, atarudi kwao analia, ndugu zake watasikia, na Jumamosi inayofuata wasichana wetu ndio watakaovuka kwenda kukaa mbele ya ndugu hao. Kwa hiyo wanashusha huku, wanashusha kule, na wote wanarudi nyumbani salama. Nikasikia Papa Kambale akishusha sauti. "Lakini ile ya kale katoto ka Tanzania, ya goti. Ile ilikuwa D, mon cher." Kisha Mwalimu akasema, "Najua. Nilishusha mbili."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona. Nilitazama juu, nikamwona Mama Clarisse ananitazama, na nikajua kwamba amenisikia nikisikia. Hakusema pole. Alisema, "Geuza sambaza, Zaina, zinaungua." Nikazigeuza. Nikazipanga kwenye sahani, nikaingia nazo sebuleni, nikamwandalia Mwalimu na rafiki yake, na nikawakaribisha kwa magoti kama msichana aliyelelewa vizuri, goti moja tu likiinama. Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati ule, naelewa hesabu aliyoifanya. Nimevusha wasichana mara nyingi mimi mwenyewe, na najua mtu anavyowahesabu na kuwahesabu tena mpaka wa mwisho arudi upande huu. Kuelewa si kusamehe. Alikuwa na wasichana kumi na wawili wa kulinda na akachagua yule mmoja wa kulipia wote, na hakuniuliza, na hata alipokuwa akinilisha wali na ubugari mwaka mzima hakuwahi kuniambia.

Nilifanya mtihani wa uamuzi nikafaulu. Mechi yangu ya kwanza kubwa ikawa ya mwisho wa mwaka, Goma wakija kwetu, Mwalimu mwamuzi mkuu na mimi wa pili. Siku hiyo ilijulikana mjini kwamba watu wa timu kubwa ya Kigali wamekuja kutazama wachezaji, na kila mtu alijua wamekuja kumtazama nani: Clarisse, aliyeingia uwanjani kwa miguu yangu. Nilivaa suruali nyeusi iliyoficha uvimbe wa goti. Nilimtazama Furaha akipasha mwili, nikasema moyoni, leo. Dakika thelathini nilimfuata kwa macho kama paka anavyofuata panya. Na Furaha, Mungu amlaani, alicheza kama malaika. Mikono juu, miguu chini, akimgusa mtu anamwinua. Nilisubiri hata sukumo dogo. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima kwa ajili ya msichana huyu, na hakunipa ukurasa mmoja.

Zilibaki dakika nne. Clarisse alipokea mpira chini ya kikapu, Furaha nyuma yake amembana, na Clarisse akageuka kwa nguvu kutafuta nafasi, viwiko vimepanuka. Kiwiko kikampata Furaha puani. Damu ikatoka. Nilipiga filimbi. Mpira ukamtoka Clarisse mikononi baada ya filimbi, ukadunda mara mbili, ukaenda zake. Nilikuwa nimeuona huo mpira. Limau lilikuwa mkononi. Kiwiko kile kilikuwa kikali kupita kiasi, na kanuni ina daraja lake: isiyo ya kiungwana, U, mitupo miwili na mpira kwa wapinzani, mchezaji anaendelea kucheza. Nilijua hivyo kabla filimbi haijatoka mdomoni. Na pale pale nikamwona Mwalimu, amesimama hatua tatu nyuma ya binti yake, uso umemkauka, na nikaelewa kwamba niliyemsubiri siku zote hakuwa Furaha. Wako waamuzi wanaosema mikono ilipanda yenyewe. Yangu haikupanda yenyewe. Niliipandisha, yote miwili, ngumi mbili, na niliiacha juu mpaka kila mtu aliyekuwa kwenye ukuta wa uwanja aione.

Uwanja ulipiga kelele moja. Clarisse alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Mwalimu alinijia polepole, akasimama karibu mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya Mama Clarisse kwenye shati lake, akaniuliza lile swali moja aliloruhusiwa kuuliza. "Zaina. Umeona nini?" Nikamjibu, "Kiwiko. Usoni. Kwa makusudi." Hakuondoka. "Mupira ilikuwa wapi?" Nikamtazama machoni. "Mpira haukuwepo." Nilingoja aseme. Alikuwa amesimama pale pale, asingeweza kukosa kuuona. Kama angesema, "Mimi nimeuona mkononi," ningekuwa nimekwisha, mbele ya watu wa Kigali na mbele ya mji. Alifuta mdomo kwa mkono wa shati, akageuka, akaenda mezani, akaonyesha namba ya mwanawe kwa vidole, kisha ngumi mbili. Akabaki amesimama pale mpaka mwandishi alipoandika D. Baada ya mchezo alinisogezea karatasi ya ripoti. "Umeona we, andika we." Niliandika mistari sita kwa mwandiko mzuri. Akaweka sahihi chini yake bila kusoma.

Clarisse alifungiwa msimu mzima. Watu wa Kigali walirudi na msichana mwingine, wa Goma, si Furaha. Jumapili iliyofuata nilikwenda kula kama kawaida, na nikiri kwamba nilikwenda makusudi, nilitaka kuona. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mlango wa chumba cha Clarisse ulikuwa umefungwa na kulikuwa na sahani imefunikwa mbele yake. Mwalimu alinikaribisha, akaniandalia kiti chenye mto, tukala. Sambaza zilikuwa na chumvi nyingi. Nilikula zote, nikanywa maji, nikasema asante, na nikateremka barabara ya ziwani nikiwa na raha ambayo sijawahi kuipata tena, hata siku ya harusi yangu. Sikurudi. Baada ya hapo, faulo ya mgeni nayo ilikufa. Papa Kambale alisikia kwamba Gisenyi wanafukuza hata watoto wao, naye akaanza kutoa D kule kwake, na miji yote miwili ikaanza kucheza kwa kitabu. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijivunia hilo. Vijana ninaowafundisha nawaambia, mnaona, sisi tuliondoa desturi mbaya. Sijawaambia ilivyoondolewa.

Jumamosi hii ya kuondoa matanga nilifika kabla ya watu. Viti vya kukodi vilikuwa uani, turubai limefungwa kwenye mparachichi, masufuria ya viazi yakichemka. Clarisse, ambaye sasa anafanya kazi ofisi ya serikali ya sekta yetu na ana mvi mbili mbele, alinishika mkono akaniingiza sebuleni. Vitambaa vilikuwa vile vile. Kabati la vioo, vikombe, mfuko wa plastiki. Alinikalisha kwenye kiti chenye mto, akakaa mbele yangu, akatandaza kanga magotini.

"Zaina, nikuulize kitu moja, kwa sababu Papa hayuko tena. Ile siku. Mupira haikukuwa mukononi mwangu?"

Niliandaa uongo. Nilikuwa nao tayari, umekaa miaka ishirini, umelainika kwa kutumika. Lakini nilitazama ule mlango wa chumba uliokuwa na sahani mbele yake.

"Ulikuwa nao," nikasema.

Hakulia wala hakunitukana. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayethibitishiwa bei anayoijua. "Papa alijua. Alikuwa nyuma yangu. Tulikuwa tunapanda nyumbani kwa miguu, mi nalia, namuambia Papa, uliona, si uliona? Akasema, Zaina anasema hakukuwa mupira, basi hakukuwa mupira. Nikamuambia, Papa, we ni mwamuzi mukuu! Akasimama barabarani. Akasema, Na miye kuna siku sikuona kitu yenye niliona. Muache. Akasema, Usimuulize mupaka nikufe."

Nilikaa pale nikiwa na hasira ambayo sikuitegemea. Mtu angedhani ningeona haya, na haya ilikuja, baadaye, ipo mpaka sasa ninapoandika. Lakini kilichotangulia kilikuwa hasira. Miaka yote nilidhani nilimpokonya kitu. Nilidhani niliinua ngumi mbili na kumvunja mbele ya mji wake, kwa kanuni zake, kwa swali lake. Kumbe alinisogelea, akaona mkononi mwangu kuna kisu, akafungua kifungo cha shati. Alinipa. Alimtoa binti yake kama alivyonitoa mimi, bila kumwuliza, akarudi nyumbani akinyoosha mgongo. Hata kisasi changu alikishusha daraja. Na Clarisse, ambaye hakuwa amenikosea lolote ila kutupa mitupo aliyoambiwa atupe, alifanyiwa faulo mara mbili, na baba yake na mimi, siku moja.

"Utasema nini huko nje?" Clarisse aliuliza.

"Nitasema nilichoona."

Watu walikuwa wengi. Wachezaji wa zamani, majirani, watu wa kanisani kwao na wachache wa msikitini kwetu, Papa Kambale kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma kabisa Furaha, amevaa kitenge cheusi, pua yake bado imepinda kidogo. Nilisimama. Nilisema Mwalimu Anastase alinifundisha kila ninachokijua, kwamba alinilisha Jumapili za mwaka mzima, kwamba alikuwa na kitabu kimoja na akakifungua kwa kila aliyebisha hodi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha nikasema kwamba miezi michache kabla ya hapo aliona faulo ya kufukuzwa akaipa jina la faulo ya kawaida, akiwa anajua, na kwamba goti langu ni shahidi. Nikainua ngumi mbili juu ya kichwa, nikageukia picha yake iliyokuwa mezani na maua, nikaziacha juu kwa muda unaotakiwa. Mtu mmoja akasema, "Ayi!" Nikazishusha. Nikasema kwamba mwisho wa mwaka ule wa masomo yangu mimi niliona mpira mkononi mwa Clarisse na nikasema haukuwepo. Nikainua tena ngumi mbili, safari hii nikajigusa kifua kwanza, kuonyesha namba ya aliyefanya. Nilisikia masufuria yakitokota na Papa Kambale akikohoa. Nilibaki nimesimama na mikono juu, sijui niishushe vipi, kwa maana kitabuni hakuna ishara ya kumaliza jambo kama lile.

Mama Clarisse ndiye aliyeinuka. Amezeeka, anatembea kwa kushika viti. Alinifikia, akashika mkono wangu mmoja akauteremsha, kisha akauteremsha wa pili, kama mtu anayeanua nguo.

"Bon," alisema. "Umemaliza. Sasa enda pale kwa Clarisse, umusaidie kupakua. Sambaza zinapoa."